Siki ya Pipa la Bati

Nang Tikya alisikia harufu ya nyama inayoungua kabla hajajua kwamba nyama yenyewe ni kisigino chake.

Alikuwa amesimama jikoni kwake, kwenye sakafu ya udongo, akipuliza moto wa vifuu ili akaushe pilipili za kutia kwenye siki. Kaa moja liliruka likaanguka nyuma yake. Akarudi nyuma, akalikanyaga, akatulia juu yake kama mtu aliyekanyaga jani. Alidhani ni samaki mkavu wa jirani, na akachungulia dirishani aone ni nani anayeharibu samaki mzuri namna hiyo.

"Nang! Mguu wako!"

Aliyepiga kelele ni Godyo, mgema wake, ambaye kama kijiji kizima alimwita Nang, yaani dada mkubwa. Kila asubuhi alishuka minazini na kumletea tembo jipya kwenye magogo ya mianzi, jekundu kwa magome ya mkoko, na kila asubuhi walitaniana mlangoni. Siku hiyo aliitupa mianzi yake chini, tembo likamwagika lote, akamshika mama wa watu kwapani na kumwinua kutoka kwenye kaa.

"Huumii?"

"Ningekuwa naumia ningesimama hapo, mjinga wewe?"

Godyo akamkalisha kwenye benchi, akautazama ule mguu, kisha akautazama uso wake. Kisigino kilikuwa kimebabuka vibaya. Nang Tikya naye aliinamisha kichwa pembeni, kama kuku anavyotazama punje, kwa sababu siku hizi akikitazama kitu moja kwa moja hakioni.

"Ni yeye," alisema.

"Nani?"

"Unamjua. Basilisa."

"Ah, Nang! Mvua isiponyesha, Basilisa. Kuku asipotaga, Basilisa. Sasa hata kaa la moto limetumwa na Basilisa?"

"Ameniroga. Amenitumia wadudu wake miguuni, wakala mpaka wakashiba. Sasa wamepanda machoni."

"Wadudu wa Basilisa wamenenepa kwa kakao. Hawawezi kupanda hata ngazi."

Hakucheka, na Godyo akajua kwamba mambo yameharibika kweli. Mwanamke huyu alikuwa anacheka hata msibani.

Yalianza polepole. Kwanza vidole vya miguu vilikufa ganzi, kisha nyayo, mpaka ikawa kama amevaa soksi nene ambazo hakuzivaa. Kanisani, padri akisema tufumbe macho tuombe, aliyumba na kumwangukia mtu wa mbele, na walio nyuma wakanong'ona kwamba Nang Tikya sasa anakunywa tembo badala ya kuligeuza siki. Kisha yakaja macho. Doa la kijivu lilikaa katikati ya kila kitu. Akimtazama mtu aliona masikio, aliona nywele, lakini pale penye uso palikuwa na moshi. Pilipili mbivu na mbichi zikawa rangi moja, na yeye aliyekuwa akichagua pilipili kwa kuzitupia jicho tu, sasa alizionja moja moja mpaka midomo ikavimba.

Na kila jambo jipya lilipomfika, alitazama upande wa nyumba ya wifi yake Basilisa, ng'ambo ya barabara, yenye paa jipya na moshi mtamu wa kakao.

Sisi tuliokuwepo tunajua walivyoanza. Mama mkwe wa Tikya, aliyewazaa Basilisa na marehemu mume wa Tikya, alikuwa na mtungi wa siki uliokuwa mkubwa kuliko watoto wengi wa kijiji. Ulikuwa wa udongo mweusi, mzee kuliko kanisa. Ndani yake siki haikuisha. Ilichotwa na kuongezwa, ikachotwa na kuongezwa, na ile ya chini kabisa hakuna aliyejua ilitiwa na nani. Mama huyo alikuwa na amri moja tu: siki ya nyumba ile haiguswi na chuma. Kata ilikuwa ya kifuu. Mtu akitia kijiko cha chuma, kijiko hicho hicho kilimtua kichwani. Kwa nini, hakusema, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Alipoanguka kitandani, aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha uji, ni Tikya. Basilisa alikuwa na madonge yake ya kakao ya kutwanga na kuuza. Bibi kizee akasema mbele ya watu kwamba mtungi ni wa Tikya. Akafa. Siku ya tisa ya sala, Tikya akiwa uani anaosha vyombo vya waombolezaji, Basilisa aliubeba mtungi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Na kabla ya kuubeba aliupindua, akaimwaga ile siki yote kwenye mtaro wa nguruwe.

Siku hiyo Tikya hakulia. Alikausha mikono yake kwa aproni, akanusa hewa ya uani iliyojaa uchachu, akaapa kwamba mkono wa Basilisa hautamlisha tena kitu chochote mpaka mmoja wao azikwe. Na kijijini kwetu kiapo hicho si kidogo, kwa sababu asubuhi zetu zote ni wali wa kunata na kakao ya moto, na kakao yote inatoka kwa Basilisa.

Kisha akalipiza. Basilisa alikuwa amenunua pipa jipya la bati la kukingia maji ya mvua, linang'aa kama kioo. Mwenyewe akiwa sokoni, Tikya aliingia uani kwake mchana kweupe, akalipindua maji yakamwagika, akalilaza ubavu na kulibingirisha barabarani kwa mguu. Lilipiga kelele kijiji kizima. Watu walitokeza madirishani wakacheka, mbwa wakalifuata, na Tikya akatembea nyuma yake kidevu juu kama anayeongoza maandamano ya Mtakatifu. Ilikuwa siku tamu kuliko zote za ujane wake.

Akatia tembo humo ndani lichachuke liwe siki. Lakini siki ya pipa haikuwa ya mtungi. Ilikuwa na ladha kama ya kulamba ufunguo. Wateja wakainunua, wakaonja, wakaenda kwa wengine. Mwanamke mwingine angeimwaga. Tikya hakuimwaga tone. Kuimwaga kungekuwa kumwambia Basilisa kwamba ameshinda. Akaila mwenyewe: juu ya wali, juu ya samaki mkavu, na asubuhi, wakati wenzake wakinywa kakao, alijaza kikombe siki na maji ya moto, akakiinua kuelekea nyumba ya ng'ambo, akanywa mpaka chini. Tumbo lilimchafuka, akasema ni dawa inafanya kazi. Miaka ikapita hivyo.

Godyo alimfunga kisigino kwa kitambaa na kumpakia nyuma ya pikipiki yake mpaka hospitali ya mjini. Tikya alikwenda kwa ajili ya kidonda tu, na alisema hivyo mara nyingi njiani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, wa ukoo wa Ybañez. Alimsimamisha, akamwambia afumbe macho, na Tikya akaanguka mikononi mwake. Akagusa vidole vya miguu kwa uma wa chuma unaotetemeka. Tikya hakusikia mtetemo wowote. Damu ikachukuliwa, ikapelekwa jiji la Cebu. Walipoitwa tena, kidonda kilikuwa bado kibichi.

"Mama, unakula nini nyumbani?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Wali. Samaki mkavu. Siki."

"Maini? Maharagwe? Kakao?"

"Kakao sinywi."

"Inakudhuru?"

"Inatoka mahali pabaya," alisema Tikya, na Godyo akakohoa.

Daktari akavuta kiti karibu. "Damu yako haina shaba, Mama. Karibu hakuna kabisa. Na zinki imejaa. Haya ni madini, mwili unayahitaji kidogo kidogo tu, lakini yanapita mlango mmoja. Zinki ikijazana mlangoni, shaba haiingii, hata ile kidogo unayoila. Na bila shaba neva zinachakaa. Za miguu, kisha za macho. Sasa niambie, hii zinki yote unaitoa wapi? Hiyo siki unaiweka kwenye nini?"

Tikya alilamba midomo yake. Aliijua tayari ladha ile, ya kulamba ufunguo.

"Pipa," Godyo akamjibia. "La bati."

"Basi ndilo hilo. Bati hupakwa zinki lisishike kutu, na siki huila zinki hiyo. Umekuwa ukiinywa." Daktari alimshika mkono. "Usiionje tena. Nitakupa vidonge vya shaba. Kula maini, kunywa kakao. Damu itarudi haraka. Miguu itachukua muda, na pengine si yote. Macho, Mama, sitakudanganya. Yanaweza kubaki hivyo."

Njiani kurudi Tikya aliinamisha kichwa. Godyo alidhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa anamkumbuka Basilisa siku moja, wiki chache baada ya pipa kuibwa, alivyokuja akasimama kwenye ua wa mianzi. Alilitazama pipa, limefunikwa kwa kitambaa na kuzungukwa na nzi wa siki. Akavuta pumzi puani. Akatabasamu, akaenda zake. Mwanamke ambaye angekupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji kwa ajili ya sindano, na pipa lake jipya hakuja kulidai hata siku moja.

Siku zote Tikya alidhani ule ni woga.

"Alijua," alisema mgongoni mwa Godyo.

"Nini?"

"Endesha."

Sikukuu ya Mtakatifu Isidro ilikuwa inakaribia. Kwetu siku hiyo milango yote huwa wazi, na hata adui yako akiingia unamwekea sahani. Hakuna anayekataa mgeni, na hakuna anayekataa kuonja kilicholetwa na mgeni. Kukataa ni kumtemea Mtakatifu mwenyewe. Tikya alilijua hilo vizuri. Alichota chupa moja kutoka chini kabisa ya pipa, palipo na mashapo mazito, akaitia pilipili na tangawizi ipendeze, akaifunga utepe mwekundu, au uliokuwa mwekundu alipokuwa anaona nyekundu. Vidonge vya daktari vilikaa juu ya kabati bila kufunguliwa. Angeanza kuvimeza baadaye. Kwanza alitaka kumwona Basilisa akinywa. Alitaka kuuona uso wake.

Siku ya sikukuu alivuka barabara kwa fimbo, akiitazama miguu yake kwa pembe ya jicho, kwa maana asipoitazama haendi nayo pamoja. Watu walimpisha. Uani kwa Basilisa nguruwe alikuwa amegeuka dhahabu juu ya makaa, watoto wakigombea ngozi yake, na chini ya kibaraza, mahali pa heshima, ulisimama mtungi mweusi. Tikya aliuona mabega yake tu, doa limemeza tumbo. Ndani walikuwa wametia mbegu za kakao.

"Wifi," ilisema sauti ya Basilisa. "Umevaa ndara moja."

Tikya alishusha mkono akajipapasa. Ni kweli. Nyingine ilikuwa imebaki barabarani, na yeye hakujua. Nyuma mtu alicheka, kisha akanyamaza ghafla, kama aliyefinywa.

"Sikukuu njema, wifi," alisema Tikya. "Nimekuletea siki."

Ua wote ulitulia. Hata mwenye kisu cha nguruwe aliacha kukata. Basilisa alipokea chupa, akavuta kizibo, akanusa. Alinusa kwa muda mrefu, maana hata yeye alizaliwa katika nyumba ya siki.

"Hii ni ya pipa langu."

"Ya pipa lako. Onja."

"Njoo ndani kwanza."

"Onja hapa hapa, watu wakuone."

Basilisa hakuonja. Alimshika Tikya kiwiko, akamwongoza mpaka jikoni, na Tikya, ambaye angependa kumsukuma, alihitaji kiwiko kile ili asianguke. Mlango ukafungwa. Kulikuwa na joto, na harufu ya kakao iliyokaangwa, ile harufu aliyoikataa asubuhi zote hizo. Mate yakamjaa mdomoni bila ruhusa yake.

"Godyo ameniambia," alisema Basilisa. "Habari ya damu yako."

"Godyo ana mdomo mpana. Ulijua?"

"Wifi, kaa."

"Ulijua au hukujua?"

Benchi lililia, Basilisa ndiye aliyekaa. "Nilijua itaharibika. Nilipokuwa mdogo mtungi ulijaa, mama akaitia siki iliyozidi kwenye ndoo ya bati. Nyumba nzima tulitapika. Ndiyo maana ya vile vijiko vya kichwani. Nilipoona umetia siki kwenye pipa nilisema, acha aharibu. Acha wateja wamkimbie. Nilifurahi, sikufichi. Nilikwenda nyumbani naimba." Benchi likalia tena. "Sikujua ungeinywa. Nani anakunywa siki iliyoharibika?"

"Mimi. Ningeimwaga, ungecheka."

"Ningecheka," Basilisa alikubali.

"Na ile ya mama? Kwa nini uliimwaga?"

"Kwa sababu alikupa wewe. Mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake, wifi. Wewe ulikuja na mashuka yako tu."

Tikya alitaka kusema mengi. Alikuwa ameyapanga miaka yote, yalikuwa na makali. Badala yake akachukua kikombe alichokipapasa mezani, akamimina siki kutoka kwenye chupa mpaka ikafurika vidoleni mwake, akakisukuma mbele.

"Kunywa."

Alisikia Basilisa akikiinua. Akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto, akamtafuta. Aliona kilemba, aliona hereni ikicheza, aliona mkono na kikombe kikipanda, na mahali penye uso palikuwa na ule moshi wa kijivu. Kila alipouhamisha, ulimfuata. Alisikia koo likimeza, likameza tena, kisha kikohozi kirefu, na kikombe kikagonga meza kikiwa kitupu. Lakini hakuona. Hakujua kama Basilisa amekunja uso, au analia, au anacheka.

"Tumelipana?" Sauti ilikwaruza.

"Bado. Kesho utakunywa kingine. Na kesho kutwa. Mpaka uwe unakanyaga moto na kuuliza nani anachoma samaki."

"Lete basi. Nitakunywa."

"Unasema uongo."

"Pengine."

Basilisa aliinuka. Sufuria ilisogezwa, donge la kakao likadondoka ndani ya maji yanayochemka, kisha upekecho wa kuikorogea ukaanza kuzunguka kati ya viganja vyake, ukinguruma chini kwa chini kama zamani, walipokuwa wote wawili vijana wa nyumba moja na mama yao akiwafokea wasimwage. Tikya alisimama akashika ukingo wa meza. Kiapo chake kilikuwa bado kizima. Mlango alijua uko wapi, lakini hakujua kama miguu ingemfikisha.

"Sijaja kunywa chako," alisema.

"Najua. Daktari amesema unywe."

"Daktari hakusema ya kwako."

"Hakuna nyingine, wifi. Kijiji kizima ni yangu."

Kikombe cha bati kikawekwa mkononi mwake. Tikya alikizungushia vidole vyote kumi asije akakidondosha, kwa kuwa navyo siku hizi vilikuwa vimeanza kufa ganzi kwenye ncha. Mvuke ulimgusa kidevu. Harufu ilimpanda mpaka machoni, na macho yakalowa, akakasirika kwamba yamelowa mbele ya huyu.

"Kiweke chini kwanza, wifi," alisema Basilisa. "Kinakuunguza."

Tikya aligeuza uso kuelekea sauti ile, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili. Nje walikuwa wameanza tena kukata nguruwe. Mikononi mwake hapakuwa na moto wala baridi, palikuwa na uzito wa kikombe tu.

"Wifi. Nakuambia kinakuunguza."

Akaendelea kukishika.